Figo za Mgonjwa wa Saratani: Kinachopimwa Moshi na Kinachotokea Karatu

Dawa nyingi za saratani, zikishafanya kazi yake, hutoka mwilini kwa mkojo, na figo ndizo zinazobeba mzigo huo. Karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo kila dakika hupita kwenye figo. Kila figo ina vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyokaribia milioni moja, na kwa siku nzima figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji. Karibu yote hurudishwa kwenye damu. Lita moja na nusu hivi inayobaki ndiyo mkojo. Maji yanaporudishwa, dawa huachwa nyuma ikizidi kukolea ndani ya vifereji vya figo, na hapo ndipo madhara huanzia.

Figo zikichoka, hasara huwa mbili kwa mpigo. Dawa inazidi kuziharibu, na wakati huohuo inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, ikiushambulia uboho wa mifupa, utumbo na mishipa ya fahamu. Dozi ambayo mwenye figo nzima angeistahimili humgeukia sumu mwenye figo dhaifu. Hii ndiyo sababu hakuna mzunguko wa tibakemikali unaopaswa kuanza kabla majibu ya figo hayajasomwa.

Kwa wakazi wa Karatu na Ngorongoro kazi ya kufuatilia figo imegawanywa na barabara. Kituo cha saratani cha KCMC, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini iliyoko Moshi, kilifunguliwa Desemba 2016. Kabla ya hapo mgonjwa wa kaskazini mara nyingi alilazimika kwenda hadi Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897. Moshi ni karibu zaidi, lakini kutoka mjini Karatu bado ni zaidi ya kilomita 200. Anayetoka Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ana barabara ya vumbi au tope mpaka lango la Lodoare ndipo aikute lami. Anayetoka Wasso, upande wa Loliondo, hana budi kuzunguka kupitia Ziwa Natron na Mto wa Mbu, au kukatiza Serengeti na Ngorongoro.

Mizunguko mingi ya tibakemikali hurudiwa kila baada ya wiki tatu. Mgonjwa hukaa Moshi siku moja, mbili au tatu, akiwa na dripu mkononi na muuguzi pembeni. Siku zinazosalia, ambazo ni nyingi, yuko nyumbani. Figo huumia zaidi katika siku hizo za nyumbani kuliko zile za wodini, kwa hiyo ufuatiliaji unaoishia kwenye geti la hospitali ya rufaa ni ufuatiliaji nusu.

Dawa inayoogopwa kuliko zote kwa upande wa figo ni sisplatini. Chanzo chake ni jaribio la mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, ambako Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria na kuona kwamba bakteria wameacha kugawanyika. Kilichowazuia hakikuwa umeme bali chembe za platinamu zilizotoka kwenye vijiti vya kupitishia umeme. Dawa hiyo iliidhinishwa kutumika Marekani mwaka 1978, lakini ilikaribia kutupwa kabla ya hapo, kwa kuwa wagonjwa wa majaribio ya kwanza waliharibika figo vibaya mno. Kilichoiokoa ni maji: madaktari waligundua kwamba wagonjwa wakipewa dripu nyingi ya maji ya chumvi kabla na baada ya dawa, wengi huvuka salama.

Dawa hii haiwezi kuepukwa kirahisi Kaskazini mwa Tanzania. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, hutibiwa kwa mionzi pamoja na sisplatini kidogo kila wiki. Saratani ya umio, ile ya koo la chakula ambayo imeenea kwa namna ya pekee katika ukanda wa Afrika Mashariki kuanzia Ethiopia na Kenya hadi Malawi, nayo hutibiwa kwa dawa za jamii ya platinamu. Mgonjwa wa umio hufika hospitali akiwa amekonda na ana kiu ya siku nyingi, kwa sababu hata maji hayapiti vizuri. Kwa maneno mengine, dawa inayohitaji maji kuliko zote hupewa mtu anayeshindwa kuyameza.

Seli za vifereji vya figo huivuta sisplatini kutoka kwenye damu na kuikusanya ndani yake hadi zinaanza kufa. Kati ya robo na theluthi ya wanaoipata huonyesha dalili fulani za kupungua kwa nguvu za figo, na kwa kawaida hilo hudhihirika siku kadhaa baada ya dripu, wakati mgonjwa ameshafika nyumbani. Vifereji vilivyoumia hushindwa pia kushika madini, hasa magnesi, ambayo hupotea kwa mkojo. Upungufu wa magnesi huleta misuli kukaza, kutetemeka na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, nao wenyewe huzidisha madhara ya sisplatini kwenye figo. Ndiyo maana hospitali nyingi sasa huchanganya magnesi ndani ya dripu tangu mwanzo badala ya kungoja ipungue.

Dawa nyingine zina njia zake. Methotreksati ikitolewa kwa dozi kubwa huganda kama chembe za chumvi ndani ya vifereji, hivyo mgonjwa hupewa bikaboneti ya sodiamu ili kupunguza uasidi wa mkojo, pamoja na maji mengi. Ifosfamidi huharibu vifereji na kumfanya mgonjwa, hasa mtoto, apoteze fosfeti na madini mengine. Bleomisini haiumizi figo sana, lakini figo zikishindwa kuitoa, hubaki mwilini na kuyadhuru mapafu.

Kuna hali moja ambayo haisababishwi na ukali wa dawa bali na kufanikiwa kwake. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Uvimbe huo hukua haraka kuliko saratani nyingine karibu zote, na kwa dawa huyeyuka kwa siku chache tu. Kituo cha limfoma kilichoanzishwa Mulago mwaka 1967, ambacho ndicho mzizi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilionyesha kwamba watoto hao wanaweza kupona. Lakini mamilioni ya seli zinazokufa kwa pamoja humwaga asidi ya yuriki, potasiamu na fosfeti kwenye damu, na figo huziba. Mtoto anaweza kufa kwa potasiamu kusimamisha moyo wakati uvimbe wenyewe unaisha. Kwa wagonjwa wa aina hii alopurinoli na dripu huanza kabla ya tibakemikali, na damu hupimwa mara kadhaa kwa siku katika siku za mwanzo, si mara moja kwa wiki tatu. Mtoto wa namna hiyo hapaswi kurudishwa nyumbani mapema kwa sababu tu taya limepungua.

Wakati mwingine figo zimeshaumia kabla ya tone la kwanza la dawa. Uvimbe wa mlango wa kizazi ukisambaa pembeni hubana mirija inayopeleka mkojo kwenye kibofu, na figo hujaa maji taratibu bila maumivu makubwa. Mwanamke anaweza kuwa na figo moja iliyokwisha kazi na asijue. Ultrasaundi huonyesha jambo hilo kwa dakika chache, na ni kipimo kinachoweza kufanyika karibu na nyumbani. Mrija uliobanwa ukizibuliwa kwa kuwekewa bomba dogo, figo huweza kupata nafuu, na mlango wa sisplatini ukafunguka tena.

Kipimo kikuu cha figo ni kreatinini. Hii ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo huitoa, na zikizembea hurundikana kwenye damu. Njia ya kuipima kwa kuichanganya na asidi ya pikriki hadi rangi ibadilike ilitokana na kazi ya Max Jaffe ya mwaka 1886, na maabara nyingi za wilaya bado zinaitumia mpaka leo. Ni kipimo rahisi na cha bei nafuu, na ndicho kinachowapotosha watu wengi.

Kosa la kawaida ni kusoma namba bila kumtazama mwenye namba. Tuseme kreatinini ni miligramu 1.0 kwa desilita, namba ambayo fomu ya maabara itaiandika kuwa ya kawaida. Mwaka 1976 Cockcroft na Gault walitoa kanuni inayotumika hadi sasa: toa umri wa mgonjwa kutoka 140, zidisha kwa uzito wake wa kilo, kisha gawanya kwa kreatinini iliyozidishwa mara 72; kwa mwanamke, zidisha jibu kwa 0.85. Kijana wa miaka 30 mwenye kilo 75, kwa kreatinini hiyo ya 1.0, anapata takriban mililita 115 kwa dakika. Figo zake ni nzima. Mama wa miaka 60 aliyekondeshwa na saratani hadi kilo 45, kwa namba ileile, anapata mililita 42.5. Itifaki nyingi hutaka angalau mililita 60 kwa dakika kabla ya kutoa dozi kamili ya sisplatini, nyingine huridhika na 50. Kijana atapewa dawa. Mama yule, ambaye karatasi yake imeandikwa "kawaida", hapaswi kuipata kwa dozi hiyo.

Sababu iko kwenye misuli. Aliyekonda hutengeneza kreatinini kidogo, kwa hiyo figo zake zinaweza kudhoofika sana na namba isipande. Hata kwa mtu mwenye mwili wa kutosha, figo hupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla kreatinini haijavuka mpaka wa kawaida. Kwa hiyo namba yenye thamani kuliko zote ni ile ya kwanza, iliyochukuliwa kabla ya tiba. Kreatinini iliyotoka 0.6 ikafika 1.0 ni habari mbaya ingawa zote mbili zimo ndani ya mipaka. Kwa vigezo vya kimataifa, kupanda kwa 0.3 ndani ya saa 48, au kufikia mara moja na nusu ya ile ya mwanzo ndani ya siku saba, tayari ni jeraha la ghafla la figo. Asiyeijua namba ya mwanzo hawezi kuliona jeraha hilo.

Suala la vipimio nalo huleta mkanganyiko mkubwa kuliko linavyostahili. Maabara moja huandika kwa miligramu kwa desilita, nyingine kwa mikromoli kwa lita. Kreatinini ya 1.0 katika mfumo wa kwanza ni sawa na 88 katika wa pili. Mgonjwa aliyepimwa Karatu kwa mfumo mmoja na Moshi kwa mwingine anaweza kutiwa hofu bure na ndugu wanaodhani namba imepanda mara 88, au, mbaya zaidi, karatasi zake zisilinganishwe kabisa.

Mambo mengine mawili ya eneo hili yanafaa kujulikana na mpimaji. La kwanza ni nyama. Nyama iliyopikwa au kuchomwa hubeba kreatinini yake, nayo huipandisha ya mlaji kwa saa kadhaa. Katika jamii ya Wamasai, ambako mgonjwa anayetakiwa kurudisha nguvu huweza kupelekwa orpul, kambi ya kula nyama na supu, kwa siku nyingi, kipimo cha asubuhi inayofuata mlo mkubwa wa nyama kinaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwapo. Ni bora damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kula nyama. La pili ni dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa kuwa saratani kama ya Kaposi na ya mlango wa kizazi huandamana sana na maambukizi hayo. Kidonge kimoja kinachotumiwa na wengi nchini kina dolutegraviri, ambayo hupandisha kreatinini kidogo katika wiki za mwanzo bila kuidhuru figo, na pia kina tenofoviri, ambayo kwa baadhi ya watu huidhuru kweli. Daktari asiyejua mgonjwa anameza nini hana namna ya kuzitofautisha.

Zaidi ya kreatinini hupimwa potasiamu, sodiamu na, inapowezekana, magnesi. Kijiti cha mkojo, ambacho hata zahanati huwa nacho, huonyesha protini na damu, dalili ambazo mara nyingine hutangulia kreatinini. Rangi ya mkojo huonekana bila mashine yoyote, lakini ina mtego wake: doksorubisini huugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, na rifampisini ya kifua kikuu huufanya wa rangi ya chungwa. Hiyo si damu. Mkojo mwekundu baada ya siklofosfamidi au ifosfamidi ni jambo jingine; dawa hizo huweza kukichubua kibofu kikatoa damu kwelikweli, na mgonjwa anatakiwa arudi hospitali.

Figo haziumi zinapoharibika na dawa. Mtu anayengoja maumivu ya kiuno ili ajue figo zimeathirika atachelewa. Kinachoonekana mapema nyumbani ni kiasi cha mkojo. Mwenye kilo 50 anatakiwa kutoa mililita 600 au zaidi kwa siku. Chupa tupu ya maji ya lita moja inatosha kupimia. Mkojo ukipungua, ukawa mzito wa rangi ya chai, au uzito ukaongezeka ghafla na miguu kuvimba, damu ipimwe siku hiyohiyo.

Adui mkubwa wa siku za kwanza nyumbani ni kutapika. Sisplatini hutapisha kuliko karibu dawa zote za saratani, na kichefuchefu chake huweza kuendelea siku kadhaa baada ya mgonjwa kuondoka wodini. Vidonge vya kuzuia kutapika alivyopewa si vya kungoja hadi atapike. Vinamezwa kwa ratiba. Maji yanayotakiwa ni lita mbili hadi tatu kwa siku, isipokuwa daktari amezuia kwa sababu ya moyo au kuvimba. Kusema hivyo Moshi ni rahisi. Katika boma la mbali huko Ngorongoro wakati wa kiangazi, maji hubebwa kwa punda au kichwani, hugawanywa kati ya watu, ndama na jiko, na mgonjwa huona aibu kunywa peke yake lita tatu. Familia inahitaji kuambiwa wazi, kabla ya kuondoka hospitali, kwamba maji hayo ni sehemu ya dawa. Anayetapika au kuharisha apewe ORS. Ikikosekana, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji safi. Akishindwa kubakiza chochote tumboni kwa siku nzima anahitaji dripu, na dripu hiyo inapatikana Endulen, Wasso au Karatu. Si lazima afike Moshi.

Kisha kuna duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za kwanza kutolewa kwa maumivu katika mji wowote mdogo. Zote hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na zikikutana na sisplatini na upungufu wa maji huweza kumfikisha mtu kwenye kushindwa kwa figo ndani ya siku chache. Kwa maumivu madogo parasetamoli ni salama zaidi; kwa makali kuna mofini, ambayo hospitali ya rufaa hutoa ingawa nayo hurekebishwa dozi figo zikidhoofika. Mgonjwa asinunue kidonge cha maumivu bila kutaja kwamba yuko kwenye tibakemikali.

Sindano pia zinahitaji tahadhari. Homa katika wiki ya pili baada ya dawa ni ya hatari kwa sababu chembe nyeupe za damu zimeshuka, na antibayotiki lazima ianze haraka, hata kabla ya safari ya rufaa. Lakini jentamisini, inayopatikana kila mahali, huumiza vifereji vilevile ambavyo sisplatini imeviumiza. Katika jamii za wafugaji homa hudhaniwa pia kuwa brusela, na streptomisini inayotumika kuitibu ni ya ukoo mmoja na jentamisini. Mhudumu wa zahanati anayejua mgonjwa alipata dawa gani Moshi anaweza kuchagua nyingine. Asiyejua atachoma iliyopo, na hatakuwa na kosa.

Dawa za asili hazikwepeki katika mjadala huu. Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, Loliondo, ndani ya Wilaya ya Ngorongoro, kilijaa magari kutoka Tanzania nzima na nchi jirani. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa Sh 500, na miongoni mwa waliopanga foleni walikuwamo wenye saratani, kisukari na virusi vya UKIMWI. Tukio lile lilionyesha jinsi watu wanavyoweza kusafiri mbali kwa kikombe kimoja huku vidonge vya hospitali wakiviacha. Mizizi na magome yanayochemshwa kwenye supu mengi hayajapimwa kwa mtu anayepata tibakemikali, na baadhi ya mimea duniani inajulikana kuua figo. Mgonjwa aliyewahi kukemewa kwa dawa za asili hatasema tena anakunywa nini. Muuguzi anayeuliza kwa upole hupata jibu la kweli, na jibu hilo huweza kueleza kreatinini iliyopanda bila sababu.

Namba ikipanda, tiba haimalizikii hapo. Kwanza hutafutwa kinachorekebishika: maji, dawa za maumivu, maambukizi, mrija uliobanwa. Mzunguko huahirishwa wiki moja, dripu hutolewa, na kreatinini hurudiwa. Isiporudi, sisplatini huweza kubadilishwa na kaboplatini, isiyoumiza figo kwa kiwango hicho. Dozi ya kaboplatini yenyewe hupangwa kwa figo: kanuni ya Calvert ya mwaka 1989 huchukua uwezo wa kuchuja, ikaongeza 25, kisha ikazidisha kwa kiwango ambacho daktari analenga. Kwa hiyo kosa la kupima figo ni kosa la dozi moja kwa moja. Wanaofikia kusafishwa damu kwa mashine ni wachache, lakini kwao gharama na safari za mara tatu kwa wiki huwa mzigo usiobebeka kwa anayeishi Loliondo.

Ratiba inayofaa kwa mgonjwa wa huku si ngumu. Kreatinini ya kwanza ichukuliwe kabla ya tiba, pamoja na uzito. Ya pili ichukuliwe Karatu au hospitali iliyo karibu, wiki moja hivi baada ya dripu ya sisplatini. Ya tatu ichukuliwe siku mbili au tatu kabla ya safari inayofuata, na majibu yasomwe kwa simu kwenye kliniki ya saratani. Figo zikiwa hazijawa tayari, mgonjwa hupewa dripu na kusubiri nyumbani, badala ya kulipa nauli hadi Moshi na kurudishwa bila dawa.

Kila anayeruhusiwa kutoka wodini aombe aandikiwe kwenye daftari lake mambo matano: jina la dawa aliyopata, tarehe, uzito, kreatinini pamoja na kipimio chake, na namba ya simu ya kliniki. Daftari hilo aende nalo zahanati, maabara, duka la dawa na hata kwa mganga.